Karatasi ya Mlangoni

Saiba yangu iko Ukunda, kando ya barabara kuu inayotoka Likoni kwenda Lunga Lunga. Ina kompyuta nne, printa mbili ambazo hazijawahi kuwa nzima zote siku moja, na benchi la mbao hapo nje nililoliweka kwa ajili ya wateja wanaongoja, likageuka maskani. Kijana yeyote wa hapa anayetafuta mkopo wa masomo wa HELB, cheti cha tabia njema, pini ya kodi ya KRA au barua ya kuombea kazi ya hoteli Diani, mwisho wake ataketi pale. Wakingoja huzungumza. Nami huchapisha huku nikisikiliza, na mara nyingine huacha kuchapisha kabisa.

Huniita Mwalimu. Kwa miaka mitatu nilifundisha Historia na Serikali shule ya upili, mwalimu wa kuajiriwa na bodi, mshahara ukija umekuja. Katiba ya 2010 niliifundisha kama watu wanavyofundisha jedwali la kuzidisha: kifungu cha 1, mamlaka yote ni ya wananchi, Sura ya Nne, haki, kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Wanafunzi wakakariri, wakajibu mtihani, wakasahau. Mambo mengi ninayoyajua leo kuhusu somo lile nimefundishwa na waliolifeli.

Lakini kwanza niseme hofu yangu ilikotoka, maana ndiyo iliyonifanya nisiwaelewe kwa muda mrefu. Nilizaliwa 1986. Agosti 1997, uchaguzi ukikaribia, watu walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na kuanzia hapo majirani zetu wa kutoka bara wakawa wanawindwa. Siku zile tunaziita Kaya Bombo. Shule zilipofunguliwa Septemba, rafiki yangu mmoja wa darasani, Mluhya, hakurudi; dawati lake likabaki na jina lake alilolichonga kwa kompasi. Desemba 2007 nikapiga kura yangu ya kwanza. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, akamtangaza Mwai Kibaki mshindi, kisha siku chache baadaye akasema hajui kama kweli huyo ndiye aliyeshinda. Watu zaidi ya 1,100 wakafa. Halafu ikaja zamu ya MRC, kundi lililotaka Pwani ijitenge, na kauli yao ya Pwani si Kenya. Serikali ilikuwa imewapiga marufuku 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo 2012, na wenzangu wengi wa rika langu wakaapa kwamba uchaguzi wa 2013 hautawaona. Binamu yangu alinambia ukipiga kura umetia sahihi kwamba shamba la babu yako lilichukuliwa kihalali. Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikilitafuta silipati lote.

Kwa hiyo mtu wa umri wangu akimwambia kijana "tunzeni amani," ndani ya neno hilo mna dawati tupu, mna moshi, mna redio iliyokuwa ikizimwa na kuwashwa usiku kucha. Kijana aliyezaliwa 2004 hana hayo. Yeye husikia "nyamazeni."

Mwaka 2017 nilipata kibarua cha karani wa uchaguzi katika kituo kimoja kusini mwa Kwale. Kazi yangu ilikuwa wino. Mtu akishatambuliwa na mashine ya KIEMS, akapewa karatasi zake sita na kupiga kura, huja kwangu, namtia wino kidole kidogo cha mkono wa kushoto, anakwenda zake. Ni kazi ya kuchosha na ya kuona vidole vingi. Vya wavuvi, vya wakwezi wa minazi, vya wanafunzi waliouma kucha.

Asubuhi ile walikuja Wamakonde. Wazee wao waliletwa na kazi za mashamba ya mkonge na miwa kutoka Msumbiji, wakazaa, wakazikwa huku, na watoto na wajukuu wakaendelea kuishi Kwale bila ya kuwa raia wa nchi yoyote. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, hufungui akaunti, huajiriwi, hata ndoa yako haiandikwi. Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale mpaka Nairobi, wakafika Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Wakaitwa kabila la 43. Mmoja wao, kijana wa kama miaka 22 hivi, alikitoa kitambulisho chake kutoka kwenye mfuko wa maziwa uliofungwa fundo. Nilipomtia wino akauangalia mkono, akanyoosha kidole kingine.

"Nitie na hiki."

"Kimoja chatosha."

"Babangu amekufa hajatiwa. Nitie na chake."

Nilitazama kwa msimamizi wa kituo, nikatazama foleni. Sikumtia. Alicheka akaondoka, na nimeijutia kanuni ile ndogo kuliko kanuni nyingi kubwa nilizowahi kuzivunja.

Usiku tulihesabu. Wasiowahi kukaa ndani ya chumba cha kuhesabia kura hawajui kitu hiki kilivyo: msimamizi anainua karatasi moja moja, anaigeuza waione mawakala wote, anataja jina, wakala wa huyu anatikisa kichwa, wa yule anaandika kijistari kwenye daftari lake. Karatasi ikiwa na alama mbili, watu wazima wanabishana dakika ishirini kuhusu kijistari cha kalamu. Karibu saa tisa usiku tulijaza Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, mawakala wakatia sahihi, nakala moja tukaibandika mlangoni kwa selotepu. Nje palikuwa na vijana watatu hawajalala. Walimulika kwa simu, wakasoma, wakaenda zao bila kusema lolote.

Wiki tatu baadaye, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais. Kasoro kubwa waliyoiona ilikuwa kwenye upeperushaji wa matokeo, safari ya zile namba baada ya kutoka vituoni. Nilifurahi kama mwalimu: tazameni, mahakama imemwambia rais hapana, Afrika nzima haijaona. Nikakutana na yule kijana wa Kimakonde sokoni nikamweleza hayo yote kwa bashasha. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Kwa hivyo hata ukishatiwa wino, yaweza kuwa hukupiga?" Nikaanza kumfafanulia tofauti ya kuhesabu na kupeperusha. Alikuwa amebeba gunia la mihogo begani muda wote huo.

Mwishoni mwa 2021 nilikuwa na saiba tayari, na nikajipa kazi ya kuhubiri. Tume ilikuwa inatafuta wapigakura wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja. Ikapata karibu milioni 1.5. Baadaye ikatangaza kwamba idadi ya vijana kwenye sajili ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5 kulinganisha na 2017, ilhali watoto wa Kenya hawakuwa wameacha kutimiza miaka 18. Niliandika kibao: ukijiandikisha, kopi tano bure. Nikapoteza kopi ishirini na tano kwa jumla, yaani watu watano.

Aliyenipinga kuliko wote ni mwenye tuktuk, wakati huo ana miaka 20, anayepakia abiria kati ya Ukunda na ufuoni Diani. Aliacha shule kidato cha tatu kwa ajili ya karo.

"Jiandikishe uwe na sauti," nikamwambia.

"Mwalimu, mamangu alimpa mtu sauti 2013, akampa tena 2017. Basari yangu iko wapi? Siku akimrudishia mamangu sauti yake, hapo na mimi nitakuja kumkopesha yangu."

Benchi zima likaangua kicheko. Nikamwita mvivu wa kufikiri. Nalisema hili kwa sababu ndilo neno nililolitumia, na kwa sababu mwaka uliofuata alinifanya nilimeze.

Uchaguzi wa 9 Agosti 2022 ulikuwa na jambo jipya. Picha za Fomu 34A kutoka vituo vyote 46,229 ziliwekwa kwenye mtandao wa tume, mtu yeyote azifungue na ajumlishe mwenyewe. Saiba yangu haikufungwa siku tatu. Vijana walikaa wanne kwa kompyuta moja, mmoja anasoma, mmoja anaandika, mmoja anabishana, mmoja anakula viazi karai juu ya kibodi yangu. Nikawauliza wangapi wamepiga kura. Katika kumi na moja, wanne.

Yule wa tuktuk alikuja saa sita za usiku, hakuketi. Akanionyesha simu. Alikuwa amezunguka shule mbili za karibu akapiga picha fomu zilizobandikwa milangoni. "Nifungulie hizi mbili kwa tovuti yao." Nikazitafuta. Tukaweka picha yake kando ya picha yao, tukashuka nayo mstari kwa mstari, jina kwa jina, mpaka kura zilizoharibika. Zilikuwa sawasawa, hata ule mkato wa kalamu kwenye namba saba. Alinyamaza kidogo, kama mtu aliyekuja kugombana akakuta mlango uko wazi.

"Sawa," akasema. "Hizi mbili nazikubali."

Mtu hana kura, amechoma petroli yake mwenyewe, ya bei ya mwaka ule, usiku, kwenda kuhakikisha kura za watu wengine. Na mimi nilikuwa nimemwita mvivu. William Ruto akatangazwa kwa asilimia 50.49, Raila Odinga akaenda mahakamani, tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikauthibitisha ushindi, na kwenye benchi langu mabishano hayakwisha mpaka mvua za vuli. Lakini yeye kila alipoulizwa alisema vivyo hivyo: mimi nazijua mbili tu, hizo nazikubali. Sijawahi kumsikia mchambuzi wa televisheni mwenye uangalifu wa namna hiyo.

Mwaka uliofuata niliombwa na ofisi moja ya umma nichapishe karatasi za mahudhurio za kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti, na kama naweza, nilete vijana kumi. Nikawaleta. Makadirio yalikuwa zaidi ya kurasa mia, yote kwa Kiingereza, nakala tatu kwa ukumbi mzima. Binti mmoja anayesomea uuguzi Msambweni aliinua mkono akauliza ukurasa gani una zahanati ya kijiji chao. Akaambiwa swali zuri, litajibiwa kwa maandishi. Saa saba tukapewa soda, tukasaini mara mbili, moja ya kuhudhuria na moja ya nauli, tukapigwa picha. Njiani akanambia, "Mwalimu, mimi nimekuja kuuliza. Wewe umenileta nihesabiwe." Karatasi zile za mahudhurio nilichapisha mimi, na nililipwa. Swali la zahanati halijajibiwa, kwa maandishi wala kwa mdomo.

Basi Juni 2024 ilipofika mimi nilishangaa, wao hawakushangaa.

Muswada wa Fedha ulikuja kwenye simu zao kabla ya kufika magazetini kwangu. Ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 kwa thamani ya gari, tozo ya mazingira ambayo ingepandisha bei ya pedi na nepi. Watu wasiowajua waliugeuza Kiswahili, Kigikuyu, Kidholuo, wakaueleza kwenye TikTok kwa dakika moja na nusu. Yule binti wa uuguzi ndiye aliyekuwa msomaji wa benchi. Tarehe 18, siku ya kwanza ya maandamano Nairobi, ilipotangazwa kwamba mkate na gari vimeondolewa, vijana wawili walishangilia. Akawaambia waketi, kisha akasoma vilivyobaki kimoja kimoja mpaka wakanyamaza. Nilikuwa nimefundisha kidato cha nne jinsi muswada unavyokuwa sheria. Sikuwahi kumwonyesha mwanafunzi hata mmoja muswada.

Namba za simu za wabunge zilikuwa zikisambaa, na neno la siku zile likawa "kuwasalimia." Binti akamsalimia mmoja kwa ujumbe mfupi, akampangia vifungu anavyovipinga, kwa adabu kabisa. Akajibiwa: "Nani mwenzangu?" Akaandika: "Mwajiri wako." Huyo ni mtoto niliyemkaririsha kifungu cha 1, na sasa kwa mara ya kwanza nilikiona kikifanya kazi.

Walinichapishisha kifungu cha 37, haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila silaha. Nakala arubaini, kwa herufi kubwa. Tarehe 25 wakavuka feri ya Likoni kwenda mjini na chupa za maji na bendera. Mimi nilikaa dukani na dawati langu la 1997 kichwani, nikawapigia simu kila nusu saa mpaka wakaacha kupokea. Jioni televisheni ikaonyesha Bunge la Nairobi likivamiwa na watu waliopigwa risasi wamelala barabarani. Tarehe 26 rais akasema hatatia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu baadaye iliwahesabu waliokufa katika maandamano ya miezi ile kuwa 60 na zaidi.

Wa kwetu walirudi wote. Yule wa tuktuk aliketi kwenye benchi, macho mekundu ya gesi, akanambia: "Siku nane, Mwalimu. Kumi na nane mpaka ishirini na sita. Kura yako hungoja miaka mitano." Nikamwambia waliokufa hawazihesabu siku nane. Akasema anajua. Hatukuzungumza zaidi siku hiyo, na sijui kama hoja yangu ilikuwa hoja au ilikuwa hofu tu imevaa kanzu.

Haikupita muda, kukiwa kumetulia huku kwetu, akakamatwa. Hakuwa kwenye maandamano. Alikuwa anacheza drafti na wenzake sita, msako ukapita, wakapandishwa gari. Ilikuwa Ijumaa jioni, na wanaojua wanajua maana ya Ijumaa jioni: Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama imefungwa, hungojwa siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo kijana hulala ndani mpaka Jumatatu, na kila mtu anasema sheria imefuatwa.

Mamake alinipigia saa tatu usiku. Tukakutana kituoni. Mimi nimeshika simu, kifungu cha 49 kimefunguka. Yeye ameshika pindo la leso. Ukutani pameandikwa kwamba dhamana ya polisi ni bure. Chini ya maandishi hayohayo tukaambiwa kwa sauti ya chini kwamba elfu mbili zitarahisisha. Nilianza kusoma: aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Afisa, kijana mdogo tu, pengine rika la waliokuwa ndani, akanisikiliza akasema, "Mwalimu, mimi nimesoma pia." Hakuwa na dharau. Alisema kwa uchovu.

Kutoka ndani tukasikia, "Mama, usitoe! Mama, usitoe hata shilingi!"

Mama akafungua fundo.

Saa tano tulikuwa njiani kurudi, mimi mbele na dereva, wao nyuma. Kijana akasema, "Umenunua haki yangu kwa pesa ya viazi." Mamake akamjibu bila kugeuza uso: "Nimekununua wewe. Haki sijui yauzwa wapi."

Siku nne hawakusemezana. Walikuja kwangu kwa zamu, kila mmoja anitake niwe upande wake. Vitabuni nilikuwa na kijana. Usiku ule nilikuwa na mama, na ningetoa hata elfu tatu, maana wiki zile tulikuwa tukisoma habari za vijana wanaochukuliwa kwa magari yasiyo na namba, na wengine hawakurudi. Hilo sijamwambia mpaka leo. Akisoma hapa, basi amejua.

Nisije nikawapamba. Vijana hawa ninaowasifu, kwenye benchi langu hilohilo, Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso ana wafuasi kuliko mwakilishi wadi. Wanamwona kwenye video na kofia yake nyekundu akiwakemea Wafaransa, wanasema huyo ndiye. Nikiwakumbusha kwamba aliingia kwa bunduki Septemba 2022, na kwamba huko waliomkosoa wamewahi kukamatwa wakapelekwa vitani kwa lazima, wanasema Mwalimu umesoma vyombo vya mabeberu. Walewale waliochapisha kifungu cha 37 nakala arubaini. Binti wa uuguzi peke yake ndiye aliyewahi kuwauliza: "Na akija huyo Traoré wenu, mimi nitamsalimia kwa namba gani?"

Na kuna siku ya mwizi. Mapema mwaka uliofuata, kijana wa pikipiki alimnyang'anya mama mmoja simu, akateleza kwenye mchanga, akashikwa mbele ya duka langu. Benchi likamwagika lote. Mawe, mateke, mtu tayari ameleta tairi. Nilimwona yule wa tuktuk akipiga teke, la kwanza, la pili. Nikamvuta shati.

"Na huyu, saa 24 zake ziko wapi?"

"Huyu ni mwizi, Mwalimu!"

"Na wewe ile Ijumaa uliitwa nani?"

Hakunijibu. Sidhani kama hata alinisikia. Aliyesimamisha mambo ni yule binti: alipita katikati ya watu kama anayekwenda dukani, akapiga magoti, akamfunga kichwa yule kijana kwa mtandio wake, kisha akainua uso akamwambia mwenye tuktuk neno moja: "Washa." Akawasha. Wakampeleka hospitali. Aliporudi akanidai mimi nauli, shilingi mia tatu, kwa kuwa, alisema, hii ilikuwa safari ya Katiba na hapa Katiba ni mimi. Nililipa. Kiti kilikuwa na damu, akakiosha mbele ya duka kwa ndoo tatu za maji, bila muziki. Yeye huosha tuktuk kwa muziki siku zote.

Mwenye pikipiki alifunguliwa mashtaka baada ya kutoka hospitali. Hilo ndilo ninalolijua juu yake.

Tume ya uchaguzi ilikaa tangu Januari 2023 mpaka Julai 2025 bila mwenyekiti wala makamishna. Uandikishaji ulipoanza tena tarehe 29 Septemba 2025, nilitoa kile kibao cha kopi tano bure, nikakifuta vumbi, nikakirudisha stoo. Safari hii sikuhubiri. Binti wa uuguzi alijiandikisha wiki ya kwanza, akaenda na wanafunzi wenzake saba, na akarudi kunilalamikia kwamba ofisi ni moja kwa eneobunge zima na nauli ya kwenda na kurudi yaweza kununua chakula cha siku. Yule kijana wa Kimakonde, siku hizi baba wa watoto wawili, alipita kunakilisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa pili. Alinionyesha kidole kidogo akacheka. Nikamwambia 2027 nikipewa kazi ile tena nitamtia viwili, potelea mbali.

Mwenye tuktuk bado. Ana miaka 24. Simu yake ilirudi kutoka kituoni usiku ule na kioo kimepasuka, na ilipokaribia kufa kabisa aliniletea nimtolee picha. Zilikuwamo za mamake, za harusi ya dadake, na zile mbili za milango ya shule, za Agosti 2022. Akachagua moja ya hizo, akasema nimchapishie kwa karatasi kubwa na niitie plastiki. Nikamuuliza kama ataenda kujiandikisha. Akasema foleni ikiwa fupi, na kama yule wa kuhesabu ataruhusu tusimame karibu na mlango.

Ameitundika nyuma ya kiti chake, mbele ya abiria. Wengi hudhani ni orodha ya nauli.